Njia ya Maporomoko

Thorncliffe Park, Toronto
Machi 2017

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Hukunilea hivyo.

Nimekuandikia mara tatu nikachana. Kila mara nilianza na habari za theluji na masomo ya Amina, kama mtu anayebisha hodi kisha akakimbia. Leo naanza na lenyewe. Ami Hamisi alikukataza kupita njia ile. Alinipa mimi maneno nikufikishie, na mimi sikuyafikisha. Nilikufikishia mengine.

Mama nimeshamwambia. Ndiyo maana nimepata ujasiri wa kukaa hapa mezani na kalamu.

Acha kwanza nikukumbuke ulivyokuwa, maana miaka minane nimekuwa nikikukumbuka kuanzia mwisho tu. Nakuona uwanja wa ndege wa Darwin, kaskazini mwa Australia, koti la Toronto likining'inia mkononi, soksi umezivua palepale ukazitia mfukoni. "Hili ndilo joto sasa!" ulisema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mwenzake wa shule. Miaka minane ulikuwa umelala chali chini ya magari ya watu katika gereji ambayo maji yaliganda sakafuni, hujalalamika, na siku ile ndipo nilipojua kwamba ulikuwa unasikia baridi. Ami Hamisi, mdogo wako wa pekee, hukumwona miaka kumi na miwili. Mlikumbatiana mkayumba, hata Amina, wakati ule ana miaka saba, akamuuliza Mama kwa Kiingereza kama mnapigana.

Ami ndiye aliyekuwa na karavani, ile nyumba nyeupe ya magurudumu mawili ya kuvutwa nyuma ya gari, yenye jiko, vitanda na meza ya kukunja. Mpango ulikuwa twende sote. Siku mbili kabla, mwenzake kazini akaugua, Ami akanyimwa ruhusa. Akakukabidhi funguo. "Chukua gari, chukua karavani, kaka. Mimi nitawafuata kwa simu." Akatuonya mbele ya chai kwamba watu wa kule husafiri Juni hadi Agosti, kwamba Desemba ni joto la kungoja mvua na barabara huwa tupu, na kwamba gari likikwama tusiliache. Ukacheka. Shule za Toronto hufungwa Desemba, ukamwambia, sisi wenzio kalenda yetu inaandikwa na theluji.

Siku nne zilikuwa nzuri, Baba. Sitaki kuzikana. Tulipita vichuguu vyekundu virefu kuliko wewe, vimesimama porini kama watu waliofika mapema msibani. Tulisimama mtoni Amina akataka kuogelea, ukamwonyesha kibao chenye picha ya mamba, ukamwambia, "Huyu naye yuko likizo." Siku ya tatu Mama alipiga kelele usimamishe gari. Akashuka, akatembea mpaka kwenye mti wa majani marefu yenye miiba pembeni, akaugusa. "Baba Rukia, huu si mkadi huu?" Ulikuwa mkadi, au ndugu yake. Mama hakuwa amegusa mkadi tangu Tanga. Aliinusa mikono yake mpaka jioni ingawa mti haukuwa na ua hata moja.

Na swala. Ulisimama nje ya karavani na dira yako, ukacheka peke yako. "Toronto tunaelekea kaskazini mashariki, huku tunaelekea magharibi, na nyumba ni ileile."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na kamera mpya. Nilikuwa nimechukua kijikaratasi katika ofisi moja ya watalii huko Katherine, chenye picha ya maporomoko ya maji yanayoanguka katika bwawa la kijani. Wenzangu chuoni walikuwa wameenda Florida na Cuba. Mimi nilitaka kurudi na picha ambayo hakuna atakayekuwa nayo. Sababu ni hiyo, Baba. Nimeitafuta sababu kubwa zaidi, nimekosa.

Mama alikuwa amechoka na joto, alitaka turudi Darwin. Wewe ulikuwa kati. Ukatukatia shauri: "Hamisi akisema inapitika, tutakwenda. Akisema haipitiki, tunageuza."

Ukamwachia Ami ujumbe wa simu, tukasimama kituo cha mafuta. Ulikuwa umelala chini ya karavani unakagua magurudumu, miguu yako tu ndiyo inaonekana. Simu ikalia, nikapokea mimi.

"Rukia, mpe baba'ko."

"Yuko chini ya karavani, Ami."

"Basi mwambie. Ile njia ya maporomoko asiingie. Kuna mto wa mchanga mbele, karavani itazama. Na wakati huu hapiti mtu, hata maporomoko yenyewe hayana maji, mvua bado. Umesikia?"

"Nimesikia, Ami."

Ukatoka, unajifuta mikono kwa kitambaa. "Ami'yo kasemaje?"

"Anakusalimia. Anasema inapitika, ila uende polepole."

Ukanitazama kidogo. Nimelitafuna lile tazamo miaka minane nikijiuliza kama ulishuku. Mama anasema hukushuku. Anasema hukuwa na mazoea ya kuwashuku wanao.

Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika kwa sababu sijawahi kuyasema kwa mpangilio. Tuliingia njia ya udongo asubuhi. Ulikwenda polepole, kama ulivyodhani umeagizwa. Tulipofika mto mkavu ulishuka, ukaukanyaga mchanga, ukarudi ukasema, "Kama Hamisi kasema." Katikati ya mto karavani ikazama hadi ekseli. Ulipunguza upepo wa matairi, ukachimba, ukatandika mazulia ya gari na hata godoro la Amina. Ulifungua karavani gari litoke peke yake. Likatembea hatua chache, likazama nalo. Ukalilazimisha, na ile harufu ikatoka, klachi imeungua. Ulizima injini ukakaa na mikono juu ya usukani. Fundi mzima. Ulijua kila kilichoharibika na hukuwa na kifaa hata kimoja cha kukitengeneza.

Simu haikuwa na mtandao. Mama alipofungua bomba la karavani likatoa upepo. Jiwe lilikuwa limekata mpira wa tangi chini, maji yote yalikuwa yamebaki njiani. Tukahesabu chupa: kumi na moja.

Hapo ndipo ulipotutuliza kwa yale maneno yangu. "Hamisi kasema njia inapitika. Basi watu wanapita. Hatuondoki kwenye gari, tutasubiri." Nilikuwa nimekaa kivulini nimemkumbatia Amina. Neno lilikuwa mdomoni, Baba. Hapiti mtu. Maneno mawili. Ningeyasema siku ile, jua likiwa limeinama, ungeondoka jioni na chupa tano na nguvu zako. Nikanyamaza kwa sababu niliona aibu. Nikajiambia pengine atapita mtu.

Siku ya pili hakupita mtu. Joto lile halikuwa la Tanga. Lilikaa juu ya kifua. Mawingu yalijikusanya kila alasiri, meusi, yakanguruma, yakaondoka bila kutoa tone. Amina aliacha kulia, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikokutisha.

Alfajiri ya siku ya tatu uliswali, ukafunga kilemba cha kanga ya Mama kichwani. Kulikuwa na mnara wa pampu ya upepo tuliouona wakati wa kuja, wa kunyweshea ng'ombe. Ukasema penye ng'ombe hapakosi maji, na penye maji hapakosi mtu. Mama alikushika shati. "Hamisi alisema tusiache gari." Ukamjibu taratibu, "Mama Rukia, mtazame mtoto."

Nilitembea na wewe mpaka ukingo wa mto. Ulinipa saa yako ili tugawe maji kwa saa. Ukaniambia, "Wewe ni mkubwa. Usimwache mama'ko alale mchana." Nikakwambia sawa. Baba, ulikuwa mbele yangu umbali wa mkono. Nikakwambia sawa, ukaenda.

Ulipaswa kubeba chupa mbili. Moja tuliikuta kwenye ngazi ya karavani, umeifunika kwa kofia yako jua lisiipate.

Ami alikuwa amepiga kelele tangu jioni ya pili, tulipokosa kumpigia. Kwa kuwa alijua mimi nilivyoyataka yale maporomoko, aliwaambia polisi moja kwa moja njia gani waanzie. Helikopta ilitukuta saa saba mchana. Mama aliwaonyesha ulikokwenda kabla hawajazima injini. Walikuzunguka jioni nzima bila kukuona. Ulikuwa chini ya mti, mbali na barabara, karibu kabisa na ile pampu. Walikupata asubuhi. Umevua viatu na kuvipanga pamoja, kama unavyovipanga mlangoni. Pampu ilikuwa imevunjika mapanga, na birika la ng'ombe lina vumbi.

Ami ndiye aliyekuosha. Alikuja na watu wa msikiti wa pale Darwin, watu ambao hukuwajua, wakakubeba kama ndugu yao. Walipokuwa wanakuteremsha mvua ikaanza, mvua yao yote ya miezi, ikaanguka juu ya kaburi mpaka udongo ukawa uji. Mimi nilikuwa mbali, pamoja na wanawake, naitazama. Sijaipenda mvua tangu siku ile.

Sasa nikwambie kilichoharibika baada yako, maana hicho hukijui.

Nyumbani kwa Ami, siku ya hitima, Mama alimwendea mbele za watu. "Wewe mwenyeji wa nchi hii. Ulimwachaje kaka'ko apite njia ile?"

Ami akasema, "Nilimwambia, shemeji."

Kiswahili chetu, Baba. Nilimwambia. Neno lile lingeweza kuwa wewe, lingeweza kuwa mimi. Ami alikuwa ananitazama aliposema. Alinipa nafasi, mlango wazi kabisa. Nikainamisha kichwa.

Mama alilisikia alivyolisikia. "Unamsingizia maiti! Ulimwambia akakaidi? Akawatia wanawe jangwani makusudi? Kwa kuwa hawezi kuinuka kukujibu?" Watu wakamshika. Ami alitazama chini, akasema, "Nisamehe, shemeji." Akaibeba lawama yangu. Angeweza kunitaja kwa jina, ikaisha pale. Hakunitaja siku ile wala baada yake.

Mama hakuzungumza naye tena. Alikaa eda hapa ghorofa ya kumi na moja, dirisha linaelekea maegesho yenye theluji, na kila Ami alipopiga alisema, "Mwambieni nimelala." Idi zote kumi na sita amepiga. Miaka minane mdogo wako ameitwa muuaji katika nyumba hii, na mimi nikipeleka vikombe vya chai na kurudi.

Mimi aliniandikia. Kila Ijumaa huenda kwako. Hutuma picha ya kaburi na maneno machache: "Nimeng'oa majani." "Kibao nimekipaka rangi." Namjibu, "Ahsante, Ami." Hajawahi kuuliza.

Nilimaliza chuo. Nafanya kazi maabara, napima damu za watu. Siendeshi gari. Watu hudhani ni kwa sababu ya ajali fulani, nami huwaacha wadhani. Amina ana miaka kumi na tano, ana paji lako la uso, anaelewa kila neno la Kiswahili na anajibu kwa Kiingereza. Hakukumbuki sauti. Aliwahi kuniuliza ilikuwa nene au nyembamba, na nilipomwambia aliandika kwenye daftari.

Januari Ami akanitumia ujumbe wa sauti. Figo zimemchoka, daktari amemshauri asikae peke yake, anarudi Tanga kwa watoto wa shangazi. Ataondoka katikati ya mwaka. "Ninachowaza ni kaka," akasema. "Nani atamng'olea majani?" Akaongeza, "Na mama'ko, Rukia. Ningependa kuagana naye. Ikiwezekana tu."

Niliusikiliza ule ujumbe ndani ya choo cha maabara, mara mbili, kisha nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa anachambua mchele mezani, sinia mbele yake, miwani puani. Ilikuwa adhuhuri. Nilikaa nikamwambia. Kituo cha mafuta, simu, miguu yako chini ya karavani, yale maneno. Mto. Siku mbili za kunyamaza. Ami kunitazama. Nilisema yote bila kusimama kwa sababu nikisimama nisingeendelea.

Aliendelea kuchambua mchele. Alitoa kokoto moja, akaiweka pembeni. Akatoa nyingine. Kisha akainuka, akazunguka meza, akanipiga kofi. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, Baba, nikashika shavu kama mtoto. Akasema, "Lile la kituo cha mafuta ni utoto. Lakini siku mbili. Siku mbili nzima nilikuwa nikimwambia Amina avumilie, watapita watu, na wewe umekaa unanisikiliza."

Akaenda kwa rafiki yake Bi Zuhura kule Richmond Hill, akakaa wiki tatu. Amina nilimwambia mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika: kama wewe ulijua. Nikamwambia hukujua. Akasema, "Bora," akafunga mlango wa chumba chake.

Nilibaki na sufuria na ukimya. Nilidhani ukweli ukitoka, kifua hupungua uzito. Hakikupungua. Kilichobadilika ni kwamba sasa sina tena la kuficha, na mtu asiye na la kuficha hana pia pa kujificha.

Jumapili iliyopita Mama alirudi. Hakunisalimu. Alivua koti, akakaa kwenye kochi lako, akaniambia nimpigie shemeji yake. Nilipiga, nikampa simu, nikataka kuondoka, akaninyooshea kidole nikae.

"Shemeji," akasema. Halafu hakuweza tena. Nilisikia Ami upande wa pili anaita, "Shemeji? Shemeji, ni wewe?" Mama alifunika uso kwa mkono. Alipopata sauti alisema, "Nimekudhulumu miaka minane. Nilikutukana mbele za watu, msibani kwako. Nitakulipa nini mimi?"

Sikusikia jibu lote. Nilisikia Ami analia, na katikati ya kulia anasema, "Alikuwa mtoto, shemeji. Nilimhesabu kuwa ni wa kaka, nikasema bora nibebe mimi." Mama akanitazama wakati maneno yale yanasemwa. Sijui lile lilikuwa tazamo gani. Halikuwa la msamaha.

Baada ya simu akaenda jikoni, akapika, akanipakulia. Akaweka sahani mbele yangu akasema, "Sijakusamehe. Labda Mungu atanipa, labda hatanipa. Lakini utakula." Nikala. Chakula kilikuwa na chumvi nyingi na nikakimaliza.

Ndivyo tulivyo, Baba. Tunaishi nyumba moja. Ananiambia taa zizimwe, ananiambia barua zimekuja. Juzi alisema, akiwa amenipa mgongo, nitafute safari ya Juni, sisi watatu, kabla shemeji hajaondoka. Majira yao yenyewe, kiangazi, wakati njia zinapitika.

Nimeshaipata. Tutakaa Darwin wiki mbili kwa Ami, na hatutaenda popote zaidi ya kwako. Nimezungumza na kijana wa msikiti wa kule, ataendelea kuliangalia kaburi, na mimi nitakuja kila nitakapoweza, peke yangu ikibidi. Mama asiponisemesha ndani ya ndege nitakaa kando yake hivyohivyo. Tukifika sitasimama nyuma ya watu. Nitakuja mbele, nitakwambia kwa sauti, Ami akisikia na Amina akisikia, kwamba simu niliipokea mimi.

Sikuombi unijibu. Naomba tu usiwe na joto huko uliko, na maji yawe karibu na mkono wako. Lala, Baba. Nitakutunzia Mama na Amina kadiri watakavyoniruhusu.

Mwanao,
Rukia